Kwa nini wafungwa huongezeka na kupungua? Tulinganishe Ufini, Marekani, Uholanzi, El Salvador, Rwanda na kwetu

#1 Kibwana wa Handeni

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuweka moyoni muda mrefu. Mdogo wangu alikaa mahabusu miaka miwili na miezi minne, kuanzia 2013, kwa kesi ambayo mwishowe hakimu alisema hana kesi ya kujibu. Kila baada ya wiki mbili analetwa na karandinga, kesi inatajwa, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma na mama. Siku moja nikahesabu walioshushwa kwenye lile karandinga: 41. Waliosomewa hukumu siku ile walikuwa wawili. Wengine wote walirudi walikotoka.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza gereza hujaa vipi hasa. Nikaanza kufuatilia takwimu za nchi nyingine, mwaka hadi mwaka. Nitazishusha kidogo kidogo. Mwenye masahihisho aseme, hapa tunajifunza wote.

Kwanza tukubaliane namna ya kuzisoma. Idadi ya jumla peke yake inapotosha, kwa hiyo watu hupima wafungwa na mahabusu kwa kila wakazi 100,000. Kipimo hicho nacho kina mtego wake. Katikati ya miaka ya 2010 nchi iliyoongoza duniani kwa kipimo hicho ilikuwa Shelisheli, karibu 800 kwa kila 100,000. Ukisikia hivyo utadhani kisiwa kizima kina majambazi. Ukweli ni kwamba nchi ina watu wasiofika laki moja na gerezani walikuwepo mia saba na kitu, na miongoni mwao maharamia wa Kisomali waliokamatwa baharini na kuhukumiwa huko. Nchi ndogo, watu wachache wakiongezeka kidogo, kipimo kinaruka.

La pili ndilo kubwa kuliko yote, na nitalirudia uzi mzima. Chukueni gesti. Kila siku wanaingia wageni kumi. Kila mmoja akilala siku mbili, unahitaji vitanda 20. Wageni ni wale wale kumi kwa siku, ila kila mmoja akalazimika kulala siku 30: unahitaji vitanda 300. Hajaongezeka mgeni hata mmoja mlangoni. Gereza ni hivyo hivyo. Idadi mnayoiona ni wanaoingia mara siku wanazokaa, na vyote viwili vinaamuliwa na watu: polisi, waendesha mashtaka, mahakimu, wabunge. Uhalifu ni sehemu tu ya hesabu.

#2 Binti Pangani

Pole sana kwa yaliyomkuta mdogo wako. Nimeweka kambi hapa, endelea.

#3 Kibwana wa Handeni

Ahsante dada. Nianze na Ufini, maana kule hesabu ya gesti inaonekana waziwazi.

Mwaka 1950 Ufini ilikuwa na wafungwa karibu 190 kwa kila wakazi 100,000. Majirani zake, Uswidi, Norwe na Denmark, walikuwa na kama theluthi ya kiwango hicho. Nchi zinafanana kwa mambo mengi, lakini mmoja anafunga mara tatu ya wenzake. Wafini walikuwa wametoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918, kisha vita na Warusi, na sheria zao za adhabu zilikuwa kali za zamani. Mwizi mdogo alikuwa anakula miaka.

Kuanzia miaka ya 1960 wasomi wa sheria na maofisa wa serikali, akiwemo Inkeri Anttila ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria, wakasema wazi kwamba kiwango hiki ni aibu na kinaweza kushushwa. Wakagusa sheria moja baada ya nyingine. Adhabu ya wizi ikapunguzwa. Kufungwa kwa kushindwa kulipa faini kukabanwa. Muda wa kukaa kabla ya kuachiwa kwa masharti ukafupishwa. Madereva walevi ndio mfano ninaoupenda: mwaka 1971, kati ya kila 10 waliotiwa hatiani, 7 walikwenda jela moja kwa moja. Miaka kumi baadaye ilikuwa mmoja tu kati ya 10, wengine wakipewa kifungo cha nje pamoja na faini. Miaka ya 1990 wakaongeza adhabu ya kutumikia jamii.

Ilipofika mwaka 2000 Ufini ilikuwa chini ya 60, sawa na majirani. Na uhalifu? Uliongezeka miaka ya 1960 na 70 kama ulivyoongezeka Uswidi na Denmark, kisha ukatulia kama ulivyotulia kwao. Nchi moja ilipunguza wafungwa wake kwa zaidi ya theluthi mbili, nyingine zikabaki karibu pale pale, na mstari wa uhalifu ukapita mle mle.

#4 Karani wa Soko

Mkuu, heshima kwako, lakini Ufini ni nchi tajiri yenye watu milioni tano. Kuilinganisha na sisi ni kama kulinganisha mbuyu na mchicha.

#5 Kibwana wa Handeni

Hoja yako nzuri, Karani. Ila ujue Ufini ya 1950 haikuwa hii ya leo. Ilikuwa nchi ya wakulima na wakata magogo, na mpaka 1952 ilikuwa bado inailipa Urusi ya Kisovieti fidia ya vita. Na mabadiliko niliyoyataja hayakudai utajiri. Kubadilisha kifungu cha sheria hakuhitaji mgodi wa dhahabu. Kinachogharimu ni kumlisha mtu miaka mitatu kwa kosa la kuiba baiskeli.

Na kama utajiri ndio ungekuwa sababu, Marekani ingekuwa na wafungwa wachache kuliko wote. Twende huko.

Mwaka 1972 magereza ya majimbo na ya serikali kuu Marekani yalikuwa na wafungwa kama 200,000. Mwaka 2009 walikuwa kama milioni 1.6. Mara nane, wakati idadi ya raia haikuongezeka hata mara mbili. Ukijumlisha na jela za wilaya ambako wanakaa mahabusu na wenye vifungo vifupi, mwaka 2008 walifika milioni 2.3. Hakuna nchi kubwa ya kidemokrasia iliyowahi kufanya hivyo.

Ilianza na Rais Nixon kutangaza mwaka 1971 kwamba dawa za kulevya ni adui namba moja. Mwaka 1973 jimbo la New York likapitisha sheria kali za dawa za kulevya chini ya Gavana Rockefeller. Mwaka 1986 Bunge la nchi likaweka vifungo vya lazima ambavyo hakimu hawezi kuvipunguza, na likatofautisha kokeini ya unga na ile ya kuvuta iitwayo crack: gramu moja ya crack ikahesabiwa sawa na gramu 100 za unga. Ya kuvuta ilikuwa mitaa ya Weusi maskini, ya unga ilikuwa kwa wenye nazo. Mnaona wenyewe nani alijaza magereza. Uwiano huo ulishushwa mpaka 18 kwa 1 mwaka 2010. Mwaka 1994 California ikaleta sheria ya makosa matatu: ukipatikana na hatia mara ya tatu, hata kama kosa la tatu ni wizi mdogo, uliweza kula miaka 25 hadi maisha, mpaka ilipolegezwa 2012.

Rudini kwenye gesti. Waliongeza wageni mlangoni, na wakaongeza usiku wa kulala. Vyote viwili kwa pamoja.

California ilifika mahali magereza yake yalikuwa na karibu mara mbili ya watu yaliyojengewa. Wagonjwa wanakufa wakisubiri daktari. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kujazana huko ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba, ikaamuru idadi ishuke mpaka asilimia 137.5 ya uwezo. Fikirieni hapo, mahakama ilikubali bado wazidi kwa zaidi ya theluthi, na hata hivyo jimbo lilipaswa kupunguza makumi ya maelfu.

#6 Mwalimu Sefu

Naomba niulize bila kuleta ubishi. Uhalifu Marekani ulishuka sana tangu miaka ya 1990. Je, si kwa sababu waliwafungia hao wahalifu? Aliye ndani haibi nje. Mantiki yake ni rahisi.

#7 Kibwana wa Handeni

Mwalimu, hilo ni swali la haki na sitalikwepa. Sehemu ya kushuka ilitokana na vifungo, watafiti wengi wanakubali. Wanachobishania ni kiasi gani.

Ila angalia mambo mawili. Kanada iko jirani kabisa, na uhalifu wake ulishuka miaka ile ile kwa mwendo unaofanana sana, huku kiwango chake cha wafungwa kikibaki karibu 100 kwa kila wakazi 100,000 miaka nenda rudi. Na New York yenyewe, ile ya sheria za Rockefeller: mwaka 1999 ilikuwa na wafungwa zaidi ya 72,000 kwenye magereza ya jimbo. Miaka ishirini na kitu baadaye walikuwa wamebaki kama 31,000. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho uhalifu wa jimbo uliendelea kushuka. Kama kufunga wengi ndiko kulikoushusha, kufungua nusu yao kulipaswa kuupandisha.

Aliye ndani haibi nje, kweli. Lakini yule wa kwanza kufungwa ndiye mwizi sugu. Ukiendelea kuongeza, unafika kwa yule aliyekosea mara moja, na kumfungia miaka kumi kunazuia makosa ambayo pengine asingeyafanya kabisa.

#8 Mama Tuli Mbagala

Wanangu, nimesoma nikanyamaza, sasa niseme. Mimi nina duka la vipodozi Mbagala. Mwaka 2022 vijana wenye mapanga walipita mtaa wetu usiku, wakamkata jirani yangu mkono kwa sababu ya simu. Ninyi mnazungumza wafungwa kupungua. Yule rais kijana wa El Salvador, Bukele, aliwazoa wote, leo watu wake wanalala milango wazi. Mngeleta hesabu za huko pia.

#9 Kibwana wa Handeni

Shikamoo mama, na pole kwa jirani. Hesabu za huko ninazo, na nitazileta bila kukuficha upande unaokuunga mkono.

El Salvador mwaka 2015 waliuawa watu zaidi ya 6,000, yaani kama 103 kwa kila wakazi 100,000. Hakuna nchi isiyo vitani iliyokuwa juu yake. Magenge ya MS-13 na Barrio 18 yalikuwa yanatoza kodi kila kibanda, kila basi. Mwezi Machi 2022, siku moja tu, waliuawa watu 62. Siku iliyofuata, tarehe 27 Machi, Bunge likatangaza hali ya hatari. Polisi na jeshi wakapewa uwezo wa kukamata bila hati, na haki ya wakili mapema ikasimamishwa. Kabla ya hapo magerezani walikuwepo kama 39,000. Leo wamepita 100,000. Kwa kipimo chetu ni zaidi ya 1,600 kwa kila wakazi 100,000, juu kuliko kiwango chochote cha Marekani wakati wa kilele chake. Mwanzoni mwa 2023 lilifunguliwa gereza kubwa la CECOT kule Tecoluca, limejengwa kwa ajili ya watu 40,000. Mauaji ya mwaka 2024, kwa takwimu za serikali, yalikuwa 114 nchi nzima.

Hiyo ni furaha ya kweli kwa mama mwenye duka kule, na siwezi kukaa hapa nikaidharau. Kodi ya genge imeondoka.

Sasa na upande wa pili. Mauaji yalikuwa yameanza kushuka zamani: kutoka 103 mwaka 2015 mpaka kama 18 mwaka 2021, kabla ya hali ya hatari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mteremko ilikwisha kabla ya mikamato, na Wizara ya Fedha ya Marekani ilidai Desemba 2021 kwamba serikali ilikuwa na makubaliano ya siri na wakuu wa magenge, jambo ambalo Bukele alilikana. Kisha, Novemba 2024, Bukele mwenyewe alisema watu 8,000 wasio na hatia wameachiwa. Elfu nane, kwa kinywa chake. Mama, kila mmoja wa hao ni mdogo wangu. Ana mama yake aliyekaa benchi la nyuma, au ambaye hakuruhusiwa hata kukaa hilo benchi. Na hao ndio walioachiwa. Bado kuna waliomo ndani, wanahukumiwa kwa makundi ya mamia.

#10 Mama Tuli Mbagala

Marahaba mwanangu. Hao elfu nane sikuwajua. Bado nasema wale wa mapanga wafungwe, ila kwa ushahidi.

#11 Kibwana wa Handeni

Tuko pamoja mama. Wafungwe kwa ushahidi, na haraka.

#12 Uwase K.

Habari zenu. Naandika kutoka Kigali, naomba niongeze Rwanda kwa sababu watu wengi hutaja gacaca, yaani mahakama za wazi za kijijini, bila kujua hesabu iliyoileta.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, watu walikamatwa kwa makumi ya maelfu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa na watu zaidi ya 120,000, katika nchi yenye watu kama milioni nane, na majaji wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Gereza la Gitarama mwaka 1995 lilikuwa na watu kama 7,000 mahali palipojengwa kwa ajili ya 400. Watu walisimama kwenye maji machafu mpaka miguu ikaoza. Ilikadiriwa kwamba mahakama za kawaida zingehitaji zaidi ya miaka mia moja kumaliza kesi zile.

Mwaka 2003 zaidi ya watu 20,000 waliachiwa kwa muda: wazee, wagonjwa, waliokiri, waliokuwa watoto wakati ule. Gacaca zilianza kwa majaribio 2002, zikaenea nchi nzima 2005, zikafungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili. Waliokiri walipunguziwa, na wengi wakatumikia sehemu ya adhabu kwa kazi za umma zinazoitwa TIG: kujenga matuta, barabara, nyumba. Idadi gerezani ikashuka mpaka chini ya nusu ya kilele. Nimekulia nikiona wafungwa wa nguo za pinki, ambao hawajahukumiwa, na za rangi ya chungwa, waliohukumiwa. Miaka hiyo rangi zilibadilika mbele ya macho yetu, pinki zikipungua.

Lazima niseme pia kwamba baadaye idadi ilipanda tena. Sasa tuko miongoni mwa nchi za juu kabisa Afrika kwa kila wakazi 100,000. Safari hii kimbari peke yake haielezi, makosa ya kawaida ndiyo yanayoingiza watu wengi. Kwa hiyo ndugu Kibwana, hesabu yako ya wanaoingia na siku wanazokaa inatuhusu hata baada ya gacaca.

#13 Kibwana wa Handeni

Ahsante sana dada Uwase. Hilo la rangi za nguo litabaki kichwani mwangu.

Uholanzi nitapita haraka. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa na wafungwa kama 20 tu kwa kila wakazi 100,000, karibu hakuna waliofungwa. Wakapanda mpaka kama 125 mwaka 2005, sehemu yao wakiwa wabeba dawa za kulevya waliokamatwa uwanja wa ndege wa Schiphol wakitoka Karibiani. Kisha ndani ya miaka kumi wakashuka nusu. Magereza yakabaki matupu, wakawakodishia Wabelgiji gereza la Tilburg na Wanorwe gereza la Norgerhaven, nafasi 242. Mengine wakayafanya makazi ya wakimbizi. Miaka ya karibuni wana shida mpya, askari wa magereza hawatoshi na nafasi zimekuwa finyu tena. Nchi ile ile, watu wale wale, imepanda na kushuka na kuanza kubanwa tena katika umri wa mtu mmoja.

#14 Zahor Muscat

Ongeza Urusi, mkuu. Mwaka 2000 walikuwa na wafungwa zaidi ya milioni moja. Kufikia 2021 walikuwa chini ya laki tano.

#15 Kibwana wa Handeni

Kweli Zahor. Sehemu kubwa ya kushuka kule kulitokana na kupunguza mahabusu na vifungo vya makosa madogo. Ila kuanzia 2022 Wagner, kundi la askari wa kukodiwa, walikwenda magerezani kuwachukua wafungwa kuwapeleka vitani Ukraine, na idadi ikashuka tena. Mtu akionyesha mstari unaoteremka, muulize walikwenda wapi.

#16 Odhis Kisumu

Ndugu zangu, Kenya tumejaribu mengi. Sheria ya adhabu ya kutumikia jamii tuliipata 1998. Tangu 2003 Makamu wa Rais Moody Awori, wengi walimwita Uncle Moody, alibadilisha maisha ya ndani: magodoro, sare mpya, televisheni, familia kuonana. Katiba ya 2010 ikasema kila aliyekamatwa ana haki ya dhamana ila kuwe na sababu nzito. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwatoa zaidi ya watu 4,000 kwenye orodha ya kunyongwa, wakawa wa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikasema hukumu ya kifo ya lazima haikubaliki kikatiba.

Pamoja na hayo bado tuna zaidi ya watu 50,000 ndani, kwa nafasi za watu wasiofika 35,000. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Nikienda rumande nakuta kijana amepewa dhamana na korti, lakini hana elfu kumi. Nakuta mama wa chang'aa ameshindwa faini. Haki ya dhamana iko kwenye karatasi, pesa haiko mfukoni. Aprili 2020, korona ilipoingia, waliachiliwa zaidi ya 4,800 wa makosa madogo ndani ya wiki chache, na nchi haikutikisika. Hilo linaniuma, kwa sababu lilionyesha wangeweza kuachiliwa hata kabla.

#17 Afande Mstaafu

Nimefanya kazi magereza miaka 31, mikoa mitano. Sitataja vituo.

Watu wanafikiri msongamano ni neno la kwenye ripoti. Msongamano ni watu wanaolala ubavu mmoja, na mmoja akitaka kugeuka nyapara anatoa amri wote wageuke. Ni ndoo moja ya haja kwa chumba kizima mpaka alfajiri. Upele ukimwingia mmoja leo, keshokutwa ni selo nzima. Kifua kikuu ndicho kibaya zaidi, nimezika wengi kwa TB ambao kesi zao hazikuwa zimesikilizwa. Pale Gitega, Burundi, Desemba 2021 moto ulipowaka walikufa 38. Gereza la watu 400 lilikuwa na zaidi ya 1,500. Nilipoisikia habari ile sikulala, maana najua mlango mmoja unapitisha watu wangapi kwa dakika.

Sisi askari hatuchagui nani aletwe. Karandinga likifika unafungua lango.

#18 Kibwana wa Handeni

Shikamoo afande. Ahsante kwa kulisema hilo.

Sasa kwetu, na hapa pana jambo wengi hawalijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa na wafungwa na mahabusu zaidi ya 40,000. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Fanyeni hesabu, ni kama 120 kwa kila wakazi 100,000. Sensa ya 2022 imehesabu watu milioni 61.7, na ndani ni kama 30,000 na ushee: karibu 50 kwa kila 100,000. Tumeshuka zaidi ya nusu, na hakuna aliyeshangilia wala kuandika.

Kwa nini? Sababu ni nyingi na hazina uzito sawa. Bodi za parole (kuachiwa mapema kwa masharti) zilianzishwa kwa sheria ya 1994, huduma kwa jamii kwa sheria ya 2002, na baadaye makubaliano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka ya kukiri kosa. Misamaha ya Rais ndiyo inayoonekana: tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alitangaza wafungwa 8,157, 1,828 kati yao watoke siku hiyo hiyo, na wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha wakawa miongoni mwa waliosamehewa. Tarehe kama hiyo 2019 wakawa 5,533. Lakini msamaha ni kufungua mlango wa nyuma wa gesti siku moja. Kesho yake wageni kumi wapo mlangoni kama kawaida, na mahabusu hawamo kabisa kwenye msamaha, kwa sababu hawajahukumiwa. Hawana cha kusamehewa.

Na mahabusu kwa miaka mingi wamekuwa karibu nusu ya wote waliomo. Hapo ndipo ninapopigia kelele. Yapo makosa ambayo kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinakataza dhamana moja kwa moja. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, na mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Marekebisho ya 2022 yalileta nafuu, kwamba kesi isipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yakaachwa nje. Na ni makosa hayo hayo yanayoweka watu muda mrefu kuliko wote.

Nigeria ni kioo chetu. Wana wafungwa wachache sana kwa kipimo cha dunia, chini ya 40 kwa kila wakazi 100,000. Ukisoma namba hiyo unaipongeza. Ukifungua mlango unakuta kama 7 kati ya kila 10 hawajahukumiwa.

#19 Karani wa Soko

Nimekuelewa sasa, na la mbuyu na mchicha nimeliondoa. Vipi Uganda? Nina ndugu Kampala anasema hali ni mbaya.

#20 Kibwana wa Handeni

Ndugu yako anasema kweli. Mwaka 2010 walikuwa kama 30,000, sasa wamepita 75,000, kwa nafasi za kama 20,000. Idadi ya raia haikukua kwa mwendo huo. Karibu nusu ni mahabusu, na kwa miaka mingi polisi walikamata watu kwa kosa la uzururaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta baadhi ya vifungu vyake. Kijana aliyekosa kazi akisimama kona, huyo ni mgeni aliyeburutwa mpaka gesti.

#21 Mwalimu Sefu

Mkuu, nitatumia mfano wa gesti darasani kidato cha tatu. Swali la mwisho, ukiruhusiwa kugusa kitu kimoja tu hapa kwetu, utagusa kipi?

#22 Kibwana wa Handeni

Siku za mahabusu, Mwalimu. Kuwe na ukomo wa siku ulioandikwa kwa kila kosa, hata makubwa. Ukifika, ama kesi inaanza kusikilizwa ama mtu anapewa dhamana kwa masharti. Parole na huduma kwa jamii vinawafikia waliokwishahukumiwa. Hawa hakuna anayewafikia.

#23 Binti Pangani

Na mdogo wako, alifidiwa chochote alipotoka?

#24 Kibwana wa Handeni

Hapana, dada. Alitoka saa kumi jioni na mfuko wa rambo wenye shati na sabuni ya kipande. Alipoingia alikuwa fundi seremala mwenye vijana wawili chini yake, na karakana ilikuwa ya kupanga. Mwenye nyumba alishapangisha mtu mwingine, vifaa viliuzwa kulipa wakili. Nauli nililipa mimi. Kwenye basi alikaa dirishani, kila tukifika kituoni ananiuliza, "Hapa naruhusiwa kushuka?"

#25 Afande Mstaafu

Mwambie mzee mmoja aliyevaa sare zile anampa pole.

#26 Kibwana wa Handeni

Nitamwambia leo, afande. Anachonga vitanda sasa, huku huku Handeni. Odhis, kama una idadi ya wanaoshindwa faini kwa mwaka hapo Kisumu, iweke hapa tuilinganishe na ya kwetu.